Bili ya umeme Ohio na serikali ya jimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa ndugu na majirani wanaozungumza Kiswahili hapa Ohio. Wengi ni Wakongomani waliopitia kambi za Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi, na wapo Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kazi. Huulizwa kwenye vikundi vya WhatsApp, baada ya ibada, na wakati wa kubadilishana zamu maghalani. Karibu yote huanza na bili ya umeme na kuishia kwenye serikali ya jimbo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu bei ya umeme hapa hupangwa na watu wenye majina, katika vikao vilivyo wazi, na mkaazi yeyote anaruhusiwa kufika na kusema.

Nimeletewa notisi ya kukatiwa umeme. Nianzie wapi?

Ipigie kampuni leo hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye notisi. Kampuni zinazosimamiwa na jimbo hulazimika kukupa notisi ya siku 14, na kati ya Novemba 1 na Aprili 15 lazima waongeze nyingine ya siku 10. Muda huo utumie.

Ukipata mtu kwenye simu, usiishie kuuliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Taja mpango unaoutaka. Upo mpango wa moja ya sita: deni linagawanywa mafungu 6, na kila mwezi unalipa fungu moja pamoja na bili mpya. Upo wa moja ya tisa, na wakati wa baridi upo wa moja ya tatu, ambapo unalipa theluthi ya unachodaiwa chote. Kampuni haina ruhusa ya kukwambia kwamba mipango hiyo haipo.

Kama kipato cha nyumba hakizidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, omba mpango wa jimbo uitwao PIPP. Hapo hulipi kwa kadiri ya matumizi, unalipa kwa kadiri ya kipato: asilimia 5 ya mapato ya mwezi kwa umeme na asilimia 5 kwa gesi, au asilimia 10 kama nyumba inapashwa joto kwa umeme peke yake. Wengi hawaelewi kipengele kimoja muhimu cha mpango huu: kila unapolipa kwa ukamilifu na kwa wakati, sehemu moja kati ya 24 ya deni lako la zamani inafutwa. Ukishika nidhamu kwa miaka miwili, deni limekwisha. Ukichelewa, mwezi huo hupati msamaha. Ndiyo maana nawasihi watu waweke tarehe ya PIPP mbele ya bili nyingine zote isipokuwa kodi ya nyumba.

Kuna pia HEAP, msaada wa mara moja kwa msimu unaoingizwa moja kwa moja kwenye bili. Maombi huulizia hadhi ya uhamiaji. Kama una kesi ya uhamiaji inayoendelea, muulize wakili wako kabla ya kujaza.

Kama umeshakatiwa, au unakaribia kukatiwa, kati ya Oktoba na Aprili, tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme (PUCO) hutoa amri ya msimu wa baridi: ukilipa dola 175, pamoja na ada ya kurudishiwa isiyozidi dola 36, kampuni lazima ikuache na umeme au ikurudishie, hata kama unadaiwa 1,200. Amri hii haina kikomo cha kipato, lakini unaitumia mara moja tu kwa msimu. Deni lililobaki halifutiki, linapangiwa malipo.

Nina mtoto anayetumia mashine ya kupumulia. Wanaweza kunikatia?

Daktari, au mhudumu mwingine wa afya anayeruhusiwa kisheria, akithibitisha kwamba kukatwa umeme kutahatarisha afya ya mtu anayeishi humo, kampuni hairuhusiwi kukata kwa siku 30. Uthibitisho huo unaweza kutumika mara tatu ndani ya miezi 12. Iombe fomu kampuni yenyewe na uipeleke kliniki mapema. Usiingojee wiki ya notisi, maana kliniki nyingi huchukua siku kadhaa kusaini karatasi.

Natumia umeme uleule. Mbona bili imepanda?

Kwa sababu unalipia vitu vitatu kwa pamoja: umeme wenyewe unaozalishwa kwenye mitambo, nyaya kubwa zinazousafirisha, na nguzo na nyaya za mtaani kwako. Kila kimoja kina bei yake na mlango wake wa kupandia.

Upande wa uzalishaji, Ohio iko ndani ya PJM, gridi inayohudumia majimbo 13 na mji mkuu Washington. PJM hufanya mnada wa kuwalipa wenye mitambo ili wawe tayari umeme utakapohitajika. Katika mnada wa Julai 2024 bei hiyo ilitoka dola 28.92 hadi dola 269.92 kwa megawati kwa siku, na ilianza kuuma kwenye bili Juni 2025. Sababu mojawapo kubwa ni vituo vya data, yale majengo makubwa ya kompyuta yanayojengwa kwa wingi pembezoni mwa Columbus, ambayo mahitaji yao ya umeme yanakua haraka kuliko mitambo mipya.

Upande wa nguzo na nyaya, kampuni huomba nyongeza kwa tume. Halafu zipo tozo za nyongeza, zile senti 60 hapa, dola 1.40 pale, ambazo nyingine hazionekani hata kama mstari wa peke yake. Hizo ndizo ninazowaomba watu waziangalie sana. Dola moja haimshtui mtu, lakini ukiizidisha kwa wateja milioni kadhaa na miezi 12, unapata pesa za kumnunua spika wa bunge.

Unamaanisha nini, kumnunua spika?

Namaanisha kama nilivyosema. Mahakama ya shirikisho mjini Cincinnati ilimtia hatiani.

Mwaka 2019 Bunge la Ohio lilipitisha Muswada wa Baraza namba 6, na Gavana Mike DeWine akautia saini Julai 23 mwaka huohuo. Sheria hiyo iliamuru kila nyumba ilipe senti 85 kwa mwezi kuokoa mitambo miwili ya nyuklia, Perry na Davis-Besse, iliyokuwa ya kampuni tanzu ya FirstEnergy, kampuni kubwa ya umeme hapa Ohio. Kwa wateja wote, wakiwemo wa biashara na viwanda, ilikuwa takriban dola milioni 150 kwa mwaka. Humohumo iliongezwa tozo ya hadi dola 1.50 kwa mwezi kulipia mitambo miwili mikongwe ya makaa ya mawe, mmojawapo ukiwa si hata wa Ohio bali wa Indiana, na mpango wa kuwasaidia wateja kupunguza matumizi ukafutwa.

Julai 21, 2020, FBI walimkamata Spika Larry Householder pamoja na wenzake wanne. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba takriban dola milioni 60 kutoka FirstEnergy zilipitia shirika lisilo la faida lililoitwa Generation Now. Pesa hizo zilitumika kuwachagua wabunge waliompa Householder uspika, kusukuma sheria ipite, na kuizuia isifutwe na wananchi. Nyingine zilikarabati nyumba yake Florida. Machi 2023 alitiwa hatiani, na Juni mwaka huo akahukumiwa miaka 20 jela. Matt Borges, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Republican Ohio, alipewa miaka 5. FirstEnergy yenyewe ilikiri katika makubaliano na serikali kuu mwaka 2021 na kulipa faini ya dola milioni 230.

Kinachoniumiza zaidi ni kilichotokea kwenye tume. Sam Randazzo aliteuliwa mwaka 2019 kuongoza tume inayosimamia kampuni za umeme. FirstEnergy ilikiri kwamba muda mfupi kabla ya uteuzi huo ilikuwa imelipa dola milioni 4.3 kwa kampuni yake. Mlinzi wa mteja alilipwa na kampuni ileile aliyopaswa kumlinda mteja dhidi yake. Randazzo alijiuzulu Novemba 2020 baada ya FBI kupekua nyumba yake, akashtakiwa Desemba 2023, akakana, na akafariki Aprili 2024 kesi ikiwa haijasikilizwa. Wakuu wawili wa zamani wa FirstEnergy, Chuck Jones na Michael Dowling, nao walishtakiwa na wakakana.

Na wananchi walikuwa wapi wakati huo?

Walijaribu. Katiba ya Ohio inawaruhusu wapiga kura kuirudisha sheria mpya kwenye sanduku la kura wakikusanya saini za kutosha ndani ya siku 90. Mwaka 2019 zilihitajika saini 265,774. Kampuni na washirika wake walimwaga pesa kwenye matangazo yaliyodai kwamba Wachina wanataka kuuteka umeme wa Ohio, wakaajiri watu wa kuwazuia wakusanya saini mitaani, na wengine wakalipwa ili waiache kazi hiyo. Saini hazikutimia.

Je, pesa zilirudishwa?

Si zote. Ile ya nyuklia iliokolewa kabla haijaanza: jaji wa Columbus aliizuia Desemba 2020, siku chache kabla ya kuingia kwenye bili, na Machi 2021 Bunge likaifuta. Ya makaa ya mawe iliendelea kukatwa mwezi kwa mwezi hadi Agosti 2025, ilipoanza kutumika sheria mpya, Muswada wa Baraza namba 15. Yaani mpangaji aliyefika Dayton mwaka 2021 kutoka kambi ya Nyarugusu, ambaye hajawahi kusikia jina la Householder, ameilipia sheria hiyo kwa miaka.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo kila mkaazi alijue. Tangu mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Ohio imeshikilia kwamba kilichokusanywa kwa bei iliyoidhinishwa na tume hakirudishwi, hata kama baadaye itaamuliwa kwamba bei ile haikuwa halali. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo iliona kwamba tozo moja ya FirstEnergy, iliyokuwa imeidhinishwa kwa jina la kuboresha nguzo na nyaya, ilikuwa kinyume cha sheria. Ilikuwa imeshakusanya zaidi ya dola milioni 450. Kwa uamuzi huo wateja hawakurudishiwa.

Kwa hiyo kuhoji baada ya bei kupita ni kuchelewa. Mahali pa kuhoji ni pale ombi linapowasilishwa.

Nani hasa anaamua bei?

Tume ya Huduma za Umma ya Ohio, ambayo kila mtu huiita PUCO, iliyoko Broad Street, Columbus. Ina makamishna watano, kila mmoja kwa kipindi cha miaka mitano. Kamati ya uteuzi huchuja majina, gavana huchagua, Seneti huthibitisha. Hakuna kamishna anayepigiwa kura na wananchi, ila gavana na maseneta wanapigiwa, na hapo ndipo uzi unapoanzia.

PUCO husimamia kampuni binafsi: AEP Ohio, zile tatu za FirstEnergy (Ohio Edison, Illuminating Company na Toledo Edison), Duke Energy Ohio na AES Ohio, pamoja na kampuni kubwa za gesi. Upande wa mteja wa nyumbani kuna ofisi nyingine ya jimbo, OCC, iliyoundwa mwaka 1976. Mawakili wake huingia kwenye kesi hizi kututetea sisi. Si ofisi kubwa, na mwaka 2011 Bunge liliipunguzia bajeti vibaya, lakini ndiyo ofisi pekee ya jimbo ambayo kazi yake ni kusimama upande wako. Tozo ile ya milioni 450 ilifika Mahakama Kuu kwa sababu OCC na wengine walikataa kuiacha.

Kijana mmoja amekuja mlangoni akasema anatoka "kampuni ya umeme" na anataka kuona bili yangu. Nimwonyeshe?

Hapana. Ohio inaruhusu umeme kuuzwa na wachuuzi binafsi, huku kampuni ya nguzo ikibaki ileile. Huyo kijana ni wakala wa mchuuzi. Anavaa fulana yenye nembo, ana kibao cha kompyuta mkononi, na maneno yake ya kwanza huwa "niko hapa kupunguza bili yako" au "jirani zako wote wameshajiandikisha." Anachokitaka kwenye bili ni namba ya akaunti. Akiipata pamoja na saini yako kwenye kioo, au "yes" yako kwenye simu ya uthibitisho anayokupigia hapohapo, umeshahamishwa.

Ofa yake huwa ya bei nafuu kwa miezi mitatu, kisha inakuwa bei inayobadilika, na hapo ndipo familia inapokuta bili imepanda maradufu. Nimeona mama akitia saini kwa sababu tu aliona aibu kumfungia mgeni mlango. Kwetu mgeni hafungiwi mlango, na hao mawakala wanalijua hilo.

Chukua bili yako utafute mstari ulioandikwa "Price to Compare." Hiyo ndiyo bei ya kawaida unayolipa kwa kila kilowati-saa bila mchuuzi. Bei ya wakala ikiwa juu ya hapo, mazungumzo yamekwisha. Ikiwa chini, uliza itadumu miezi mingapi na ada ya kuvunja mkataba ni kiasi gani, kisha ulinganishe mwenyewe kwenye tovuti ya PUCO, energychoice.ohio.gov, bila mtu kukusimamia mlangoni.

Na kama umeshasaini, kampuni yako ya umeme itakutumia barua kwamba unahamishwa. Una siku 7 za kusitisha bila gharama. Ipigie kampuni ya umeme, si mchuuzi. Kama hukukubali kabisa na umehamishwa, hilo ni kosa, na PUCO hulishughulikia.

Nalalamikaje ili lalamiko langu lihesabike?

Anza na kampuni, na kila ukipiga simu andika tarehe, saa, jina la aliyekuhudumia na alichokuahidi. Ukikwama, piga PUCO namba 1-800-686-7826. Sema tangu mwanzo unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Mpelelezi wao ataiandikia kampuni, na kampuni italazimika kujibu. Makosa mengi ya bili, usomaji mbaya wa mita na kukatiwa kimakosa huishia hapo, kwa sababu kampuni haipendi kujieleza kwa tume kwa maandishi.

Isipotatuliwa, unaweza kufungua shauri rasmi. Hakuna ada, na mtu binafsi anaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Lakini jua kwamba hapo mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kumbukumbu zile za simu, picha za mita zenye tarehe, na bili za mwaka mzima zitakuwa silaha yako. Usitupe bili.

Mimi si raia. Naruhusiwa kuyafanya haya?

Ndiyo. Kuilalamikia kampuni, kuandika maoni kwenye kesi ya bei, kutoa ushahidi kwenye kikao cha hadhara, kumwandikia mbunge wako, kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge, kuomba nyaraka za serikali: vyote hivi havihitaji uraia. Unalipa bili, unaishi hapa, inatosha.

Usichoruhusiwa ni kupiga kura, kujiandikisha kupiga kura, au kusaini ombi la kupeleka sheria kwenye kura. Hapa tuwe waangalifu kwelikweli. Mtu akikufuata nje ya duka na ubao wa saini, hata kama jambo analolipigania ni zuri, mjibu kwamba wewe si mpiga kura, upite. Kujiandikisha kwa bahati mbaya ofisini unapochukua leseni ya udereva kumewaharibia watu kesi za uraia.

Kikao cha hadhara kikoje? Naogopa kusimama mbele ya watu.

Kampuni inapoomba kupandisha bei, PUCO hupanga vikao katika miji inayohudumiwa, mara nyingi jioni, kwenye ukumbi wa jiji au chuo. Unaingia, unaandika jina lako kwenye karatasi mlangoni, unakaa. Mbele kuna mwanasheria wa tume anayeongoza, na pembeni mpiga chapa anayeandika kila neno. Jina lako likiitwa unakwenda kwenye kipaza sauti, unaapa au kuthibitisha kwamba utasema kweli, unataja jina na mahali unapoishi, kisha unasema. Wakili wa kampuni ana haki ya kukuuliza swali, ingawa mara nyingi hakuna anayeuliza.

Usiende kulalamika kwamba umeme ni ghali. Hilo watalisikia kwa kila mtu. Nenda na jambo lako: "Mwezi Januari mwaka jana nililipa dola 140, mwaka huu 231, na mita inaonyesha nimetumia pungufu. Mume wangu anafanya kazi ghalani kwa dola 18 kwa saa." Maneno hayo yanaingia kwenye kumbukumbu ya kesi, na wakili wa OCC anaweza kuyanukuu. Dakika tatu zinatosha. Yaandike, uyasome kwenye karatasi, hakuna atakayekucheka.

Kuhusu lugha, iandikie tume mara tu tangazo la kikao linapotoka, uombe mkalimani, na uhifadhi majibu yao. Usifike ukumbini ukitegemea watakuwa naye.

Kwani mtu mmoja atabadilisha nini?

Makamishna hawahesabu kichwa kwa kichwa kama kura. Wanaamua kwa kumbukumbu iliyopo mbele yao. Kama kumbukumbu hiyo ina wahasibu wa kampuni peke yao, kampuni itakuwa na hoja zote. Juni 2022, baada ya dhoruba kali na joto, AEP Ohio ilizima umeme makusudi kwa maeneo ya Columbus ili kuokoa gridi, na maelfu ya wateja wakabaki gizani kwenye joto. Swali la kwa nini mitaa ya watu wa kipato cha chini iliguswa sana halikutoka kwa wahandisi. Lilitoka kwa wakaazi, na AEP ililazimika kulijibu hadharani.

Mbunge wangu ni nani na ananisikiliza vipi?

Una wawili katika jimbo: mmoja kati ya 99 wa Baraza la Wawakilishi, anayechaguliwa kila miaka miwili, na mmoja kati ya 33 wa Seneti, anayekaa miaka minne. Usiwachanganye na wale wa Washington. Weka anwani yako kwenye tovuti ya Bunge, legislature.ohio.gov, utawapata. Huyo wa miaka miwili ndiye aliye karibu zaidi, kwa sababu kila anapogeuka uchaguzi umefika.

Muswada wa umeme hupita kwenye kamati, na kila kamati huwapa nafasi wanaounga mkono, wanaopinga, na wasio na upande. Unaweza kufika Columbus au kutuma ukurasa mmoja wa maandishi, kawaida siku moja kabla. Muswada namba 6 ulisukumwa na pesa za kampuni. Muswada namba 15, ulioondoa tozo ya makaa ya mawe, ulipita ukiungwa mkono na vyama vyote viwili baada ya miaka ya wateja, vikundi vya walaji na waandishi wa habari wa Ohio kukataa kunyamaza.

Naweza kudai nyaraka za serikali?

Ndiyo, na sheria ya Ohio ni nzuri kwa mkaazi. Ukiomba rekodi ya umma si lazima utaje jina, useme sababu, wala kuandika ombi. Barua pepe kati ya kamishna na kampuni, kalenda ya mikutano, mkataba wa jiji: omba. Taja hati na tarehe kwa usahihi, kwa sababu ombi pana kama "kila kitu kuhusu umeme" litakataliwa.

Naishi kwenye apatimenti na bili inatoka kampuni nisiyoijua.

Basi pengine mwenye jengo amemwachia mtu wa kati anunue umeme kwa jumla na kuwauzia wapangaji. Columbus imejaa majengo ya hivyo. Kinga nilizozitaja juu, PIPP na amri ya baridi zikiwemo, mara nyingi hazikufikii hapo. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, uliza swali moja: "Bili ya umeme itatoka kwa nani?" Kama umeshaingia, ipigie PUCO hata hivyo, na umwambie mbunge wako. Sheria ndiyo inayoacha pengo hili, na Bunge ndilo linaloweza kuliziba.

Na maji? Na umeme wa jiji?

Hapa PUCO haina mkono. Maji kwa kawaida ni ya jiji, na umeme wa Cleveland Public Power au wa Westerville ni wa jiji pia. Wa kumwendea ni diwani wako na meya, na vikao vya baraza la jiji viko wazi.

Cleveland waliupigania umeme wao. Mwaka 1978 mabenki yalimbana Meya Dennis Kucinich, aliyekuwa na umri wa miaka 32, auze shirika la umeme la jiji kwa kampuni binafsi iliyokuwa ikishindana nalo. Alikataa, na Desemba 15 jiji likashindwa kulipa madeni yake. Februari 1979 wananchi walipiga kura kuongeza kodi yao wenyewe na kulibakiza shirika. Bado lipo.

Kesi ya bei ya kampuni yangu naifuatiliaje?

Kila kesi ya PUCO ina namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, kisha namba ya kesi, kisha herufi: EL ni umeme, GA ni gesi, na AIR mwishoni maana yake kampuni inaomba kupandisha bei. Ukiona EL-AIR, hilo ndilo la kuliangalia. Tangazo lazima litolewe kwa wateja, na mara nyingi huja ndani ya bahasha ya bili, kwenye ile karatasi nyembamba ambayo wengi huitupa pamoja na bahasha. Isome. Nakili namba, iingize kwenye mfumo wa majalada katika tovuti ya PUCO, na ujiandikishe kupokea barua pepe kila hati mpya inapowekwa. Tarehe ya kikao cha hadhara itakuja humo.